Hisa za chama zimetoka 41 hadi 13. Tuuze tukimbilie bondi ya serikali?

MwekaHazina_Mtwapa · Februari 2024

Salaam nyote. Mimi ni mweka hazina wa chama cha kina mama kumi na wawili hapa Mtwapa. Septemba 2021 tulinunua hisa 6,000 za Safaricom kwa shilingi 41, jumla 246,000 bila ada za dalali. Ilikuwa akiba yetu yote wakati ule. Leo bei inacheza kwenye 13. Ikipanda senti ishirini asubuhi, jioni imerudi, na kila ikitikisika kundi letu la WhatsApp linawaka moto.

Sasa kuna hii bondi ya miundombinu ya mwezi huu, yaani unaikopesha serikali, riba asilimia 18.46 na haikatwi kodi. Mume wa mmoja wetu ameipata, na mkewe hana hadithi nyingine. Nusu ya wanachama wanataka tuuze kila kitu twende serikalini. Nusu wanasema hasara si hasara mpaka uuze. Wawili wana watoto wameingia kidato cha kwanza na wanataka pesa zao tu, iwe kwa bei yoyote.

Jumapili tuna mkutano na macho yote yatakuwa kwangu. Naomba ushauri wa mtu anayelijua soko hili, si wa kuniambia nivumilie tu.

BondiTu_Nairobi

Dada, uza kesho asubuhi. Hisa imepoteza zaidi ya theluthi mbili ya bei na bado mnajadiliana? Benki Kuu imepandisha riba yake hadi asilimia 13 mwezi huu, hati za serikali za siku 91 zinalipa zaidi ya 16, bondi 18.46. Serikali ilitaka bilioni 70 kwenye ile bondi ikachukua zaidi ya 240. Matajiri wote wamehamia huko. Nani atabaki kushika hisa? Hii bei itaona 10 kabla haijaona 20.

Mdau_Kariakoo

Mimi niko Dar. Naongezea la kwetu. Benki ya CRDB iliuzwa kwa umma kwa shilingi 150 za kwetu mwaka 2009, baadaye ikashuka mpaka chini ya 100, na watu wakaisahau kabisa. Leo iko juu ya 400 na gawio, ile faida wanayogawiwa wenye hisa, linaongezeka. Ila huku shida nyingine: siku unayotaka kuuza unaweza usimpate mnunuzi. Nyinyi Nairobi angalau Safaricom inauzika kila siku.

KaraniWaZamani_Mombasa

Mweka hazina, nimefanya kazi ya ukarani katika ofisi ya dalali wa hisa hapa Mombasa tangu enzi za vyeti vya karatasi, kabla ya akaunti za CDS, zinazotunza hisa kwa kompyuta, kuanza 2004. Nimestaafu, lakini soko naliangalia kila siku, na habari za vyama vya kina mama zinanigusa kwa sababu pesa zile nazijua zinavyokusanywa. Nitaandika kirefu, unisamehe.

Kabla ya kuuliza kama muuze, ulizeni nani anauza. Katika Safaricom serikali ina asilimia 35, kampuni za Vodacom na Vodafone kwa pamoja karibu 40, na umma una 25. Zile 75 hazitembei. Bei unayoiona kila siku inatokana na ile robo inayobaki, na ndani ya robo hiyo wenye mafungu makubwa ni mifuko ya uwekezaji ya wageni, ya London, New York na Afrika Kusini. Mwaka 2021 Safaricom peke yake ilikuwa zaidi ya nusu ya thamani ya soko zima la Nairobi. Kwa hiyo mgeni aliyetaka kuweka pesa Kenya alianza nayo, na alipotaka kutoka alitoka kwayo.

Na alikuwa na sababu ya kutoka. Marekani ilianza kupandisha riba Machi 2022 na haikusimama hadi Julai 2023. Mtu wa New York akapata asilimia tano nyumbani kwake bila hatari yoyote. Shilingi nayo ikawa inaporomoka: alipoingia dola ilikuwa kama 110, Januari mwaka huu imefika 160. Hofu ilikuwa moja, kwamba Kenya italipaje Eurobondi, deni lake la nje la dola bilioni 2 linaloiva Juni. Tena kwa muda dola zenyewe zilikuwa hazipatikani benki, mtu anauza hisa kisha anasubiri kutoa pesa yake. Mwenye mfuko wa namna hiyo haulizi M-Pesa inaendeleaje. Anauza kwa 30, kwa 20, kwa 15, mradi atoke.

Nyinyi hamna deni la dola. Mnachanga kwa shilingi, mnalipa karo kwa shilingi. Sababu iliyomtoa yule si sababu yenu, na kuuza kwa sababu yake ni kumbebea mzigo wake.

Sisemi kampuni haina matatizo yake. Ethiopia imekula pesa nyingi. Walifungua rasmi Oktoba 2022, wanajenga minara mipya katika nchi ambayo ilikuwa na kampuni moja ya simu miaka yote, na faida ya kundi zima imeshuka kwa sababu hiyo. Gawio limetoka 1.39 likaja 1.20. Hayo yanamhusu mwenye hisa na lazima myafuatilie. Lakini M-Pesa katika mwaka ulioishia Machi 2023 iliingiza zaidi ya bilioni 117. Hiyo bado ni kampuni inayopata pesa.

Sasa kwa BondiTu. Mwanangu, umetaja asilimia nyingi lakini hujawapigia kina mama hesabu yao. Hisa 6,000 kwa 13 ni 78,000. Toa kamisheni na ada, karibu asilimia mbili, wanabaki na 76,400 hivi. Kima cha chini cha bondi ya miundombinu ni 100,000. Hawaingii, labda wachange 24,000 zaidi. Na mnada wenyewe umefungwa. Leo wataipata kwa kununua kwa mtu aliyeipata, na yeye hawauzii kwa bei aliyopewa na Benki Kuu.

Hati za serikali za muda mfupi wanaziweza, maana zinaanzia 50,000. Tuseme wamepata 16 kwa mwaka: 76,400 inazaa kama 12,200, ikikatwa kodi ya asilimia 15 inabaki 10,400 hivi. Wakikaa na hisa, na gawio likibaki 1.20, wanapata 7,200, ikikatwa asilimia 5 inabaki 6,840. Tofauti ni kama 3,550 kwa mwaka. Igawanye kwa hisa 6,000. Ni senti 60 kwa hisa moja.

Hilo ndilo swali la kupeleka mkutanoni, mweka hazina. Msiulizane kama itarudi 41. Hiyo 41 imeshapita na soko haliikumbuki. Ulizaneni: je, tunaamini hisa hii itapanda angalau senti 60 ndani ya mwaka? Anayeamini akae. Asiyeamini ana haki ya kutaka kuuza, na wala si mwoga. Hata mkiipata ile bondi ya 18.46, hesabu inakuja kwenye shilingi moja na senti 20. Huo si mlima.

Na wale wanaosema hasara si hasara mpaka uuze, tafadhali wasiendelee kuwafundisha wenzao hivyo. Mali yenu leo ni 78,000, muuze msiuze. Wapo watu walioshika Mumias kwa maneno hayo hayo, kampuni ya sukari, mpaka 2019 ikawekwa chini ya mrasimu, meneja wa kuwakusanyia wadai pesa zao, na hisa zikasimamishwa sokoni. Hawakuuza, na hawana kitu. Kushika hisa kunahitaji sababu ya leo. Bei mliyonunulia si sababu.

La tatu ni hao wenzenu wawili wa karo, na kwangu mimi hili ndilo kubwa. Nimelishuhudia mwaka 2008. Safaricom ilipouzwa kwa umma kwa shilingi 5, foleni ofisini kwetu ilitoka mlangoni ikapinda pembe ya jengo. Kulikuwa na aina mbili za watu katika foleni ile. Kuna aliyeleta pesa yake, na kuna aliyekopa benki kwa sababu aliambiwa atauza kwa bei mara mbili siku ya kwanza. Maombi yakawa mengi mno, watu wakapewa sehemu ndogo tu ya walichoomba, pesa iliyobaki ikachelewa kurudishwa, na riba ya benki inatembea. Hisa ikaanza juu ya 7 mwezi Juni, kabla ya mwaka kwisha iko chini ya 5, na 2009 ikashuka zaidi.

Waliokopa walikuja kuuza mmoja mmoja. Namkumbuka mzee mmoja wa Majengo, fundi wa vitanda, amekaa kwenye benchi letu na kitabu cha mkopo mkononi, ananiuliza kama leo itafika 5. Ilikuwa 3 na kitu. Alikuwa na siku mbili za kulipa. Hisa yake na ya jirani yake aliyenunua kwa pesa ya mfukoni ilikuwa ile ile, kampuni ile ile, bei ile ile. Jirani alikaa. Miaka ikaenda ikafika 20, 30, mpaka Agosti 2021 ikafika karibu 45. Yule fundi alikuwa ametoka zamani, na hakutoka kwa kuwa alipenda.

Kwa hiyo pesa ya karo haikai kwenye hisa hata siku moja, iwe soko linapanda au linashuka. Karo ina tarehe, na tarehe haijali bei. Hao wawili waacheni watoke. Ila msiuze sokoni kwa ajili yao. Fungu la kila mmoja ni hisa 500, kwa bei ya 13 ni 6,500. Wote wawili ni 13,000. Michango ya wanachama kumi waliobaki, 1,300 kila mmoja, inawatosha. Wanapata pesa yao wiki hii bila kamisheni, na hisa zinabaki kwenye chama.

Na mkishawalipa, msinunue Safaricom zaidi ili kushusha wastani wa bei mliyonunulia. Nasikia ushauri huo kila mahali. Nyinyi mna kampuni moja tu, mayai yote katika kapu hilo. Michango ijayo ipelekeni kwingine: ikifika 50,000 nendeni kwenye hati za serikali. Nendeni tawi la Benki Kuu hapa Mombasa mkaulize namna kikundi kinavyofungua akaunti ya DhowCSD, mfumo wake wa kununulia hati na bondi, msimpe mtu wa mtaani pesa awanunulie.

BondiTu_Nairobi

Bi Karani, shikamoo. Hesabu ya senti 60 nimeirudia kwa kikokotoo, iko sawa. Lakini umeweka gawio kuwa 1.20. Wakipunguza tena?

KaraniWaZamani_Mombasa

Marahaba mwanangu. Umeuliza vizuri. Gawio likishuka hadi shilingi 1, baada ya kodi wanapata 5,700, na tofauti inakuwa kama senti 80 kwa hisa. Likiondolewa kabisa inakuwa shilingi 1.70 hivi, na hapo hata mimi ningewaambia wafikirie upya. Matokeo ya mwaka yanatoka Mei. Mweka hazina, wekeni tarehe hiyo kwenye kalenda na kabla ya hapo msikodolee bei kila asubuhi. Someni mambo mawili tu: gawio, na hasara ya Ethiopia inapungua au inaongezeka.

Mswahili_Doha

Mimi ni mtoto wa Kibokoni, niko Doha kazini. Bi Karani maneno ya mgeni yamenigusa kwa sababu huku mimi ndiye huyo mgeni. Nilinunua 2021 pia, bei ile ile ya mweka hazina, riyali ikiwa kama shilingi 30. Yaani hisa moja ilinigharimu riyali moja na zaidi ya theluthi. Mwezi huu ni kama theluthi moja ya riyali. Kwa shilingi imebaki chini kidogo ya theluthi ya bei, kwa riyali imebaki robo. Sasa shilingi imeanza kupata nguvu tangu serikali ilipopata ile Eurobondi mpya ya kulipia ya zamani. Nitume pesa ninunue nyingine au nisubiri?

KaraniWaZamani_Mombasa

Mwanangu, wewe unacheza na bei mbili: ya hisa na ya shilingi. Zikipanda pamoja utafurahi maradufu, zikishuka pamoja umeshaona. Kwa wiki chache hizi shilingi imetoka 160 ikarudi chini ya 150 kwa dola, na hakuna aliyeitabiri kwa tarehe. Kwa hiyo swali langu kwako ni utakuja kuitumia wapi pesa hiyo. Kama unajenga Kibokoni au utarudi kuishi hapa, wewe hesabu yako ni ya shilingi, na mshahara wa riyali unakununulia hisa nyingi kuliko 2021. Tuma kidogo kila mwezi kwa kiasi kile kile, si kwa mkupuo mmoja. Kama ni akiba ya kulipia maisha ya Doha, iache Doha. Na pesa unayomtumia mama nyumbani isiguswe.

Jambo jingine kwa nyote. Mkitoa oda kwa dalali, mtajieni bei. Usiseme «niuzie» tu. Sema «niuzie isipungue 13.20», au «ninunulie isizidi 13». Asubuhi wanunuzi wakiwa wachache, oda isiyo na bei inaweza kwenda chini zaidi ya ulivyodhani. Soko linaruhusu bei ya hisa kutembea hadi asilimia 10 kwa siku, na kwa hisa ya 13 hiyo ni shilingi 1 na senti 30. Mnakumbuka Ijumaa ya tarehe 13 Machi 2020, ilipotangazwa mgonjwa wa kwanza wa korona nchini: faharasa ya kampuni 20, kipimo cha bei za soko, ilipoteza zaidi ya asilimia 5 na biashara ikasimamishwa. Siku kama ile walioumia zaidi ni waliopiga simu wakisema uza kwa bei yoyote.

Mdau_Kariakoo

Hili la kutaja bei ni kweli hata kwetu. Na jihadharini na makundi ya Telegram. Soko likishuka tu, wanaibuka watu wanaosema watakurudishia hasara yako kwa biashara ya fedha za kigeni. Shemeji yangu amepelekwa hivyo hivyo.

KaraniWaZamani_Mombasa

Ahsante kwa kulisema. Aliyepoteza ndiye wanayemtafuta, kwa sababu ana haraka ya kurudisha. Kenya orodha ya wenye leseni iko kwenye tovuti ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Kama jina halimo, usiongee naye mara ya pili. Mweka hazina, wasomee wanachama hili kwa sauti Jumapili, hasa wale waliokasirika.

MwekaHazina_Mtwapa

Nimerudi. Mkutano ulichukua mchana mzima. Niliandika senti 60 kwenye karatasi kubwa nikaibandika ukutani, tukabishana juu ya hiyo badala ya 41, na kusema kweli sauti zilishuka. Wanane wamesema tukae mpaka matokeo ya Mei. Wawili walitaka bondi lakini wamekubali kusubiri kama michango mipya inaenda kwenye hati za serikali. Wale wawili wa karo tunawalipa.

Swali la mwisho, Bi Karani. Tuwalipe kwa bei gani? Mmoja anataka 13.50 kwa sababu aliiona mchana kwenye simu. Na gawio likitangazwa kesho kutwa wasije wakadai.

KaraniWaZamani_Mombasa

Mmefanya vizuri sana, na furaha yangu kubwa ni hao wawili.

Bei chukueni ile ya wastani wa siku inayotangazwa na soko baada ya kufunga, iliyochapishwa gazetini kesho yake. Si ya mchana kwenye simu, kwa sababu hiyo inaweza kuwa ya hisa mia moja tu zilizouzwa dakika ile. Kwa kuwa mlikutana Jumapili, tumieni ya Ijumaa iliyotangulia. Ikateni kipande hicho cha gazeti mkibandike kwenye daftari la kumbukumbu.

Chini yake andikeni: fulani ametoka, amelipwa kwa hisa 500, bei kadhaa, tarehe kadhaa, na kuanzia tarehe hiyo hana dai la gawio lolote. Gawio hulipwa aliye kwenye rejista siku inapofungwa, na kwenye rejista ni jina la chama, kwa hiyo msipoandika nyinyi wenyewe hakuna atakayewaamulia. Wote kumi na wawili mtie sahihi, nao wapewe nakala. Kisha omba taarifa ya akaunti ya CDS uione kwa macho yako kwamba hisa 6,000 zipo zote, na uifanye hivyo kila baada ya miezi mitatu hata kama hamjanunua wala kuuza. Nimewahi kuona chama kikigundua baada ya muda mrefu kwamba hisa zake ziliuzwa bila wao kujua.

Mei nitakuwa hapa. Njoo na hesabu za Ethiopia tuzitazame pamoja.